Ukianguka, utaangukia darasa gani?

Karani wa usajili wa kitivo cha udaktari alinisukumia kijitabu kilichobanwa kwa stepla, akarudi kwenye kompyuta yake. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku na kupanda matatu moja kwa moja kutoka stendi ya Kisumu, nguo za kazi zikiwa mkobani, kwa hiyo niliketi kwenye benchi la korido nikakifungua palepale. Masomo ya mwaka wa kwanza. Ya mwaka wa pili. Ya mwaka wa tatu. Kila ukurasa ulikuwa umekatizwa na neno moja la kijivu, kutoka pembe hadi pembe: RASIMU.

Nikarudi dirishani.

"Samahani, huu ndio mtaala tutakaosoma?"

"Ndio huo, dada. Bado uko kwenye mchakato, lakini ndio huo."

"Na hawa wanaomaliza mwaka wa kwanza sasa?"

"Hao wataendelea na ule wa zamani mpaka mwisho."

Alijibu kwa upole, nami nikamshukuru. Halikuwa swali la karani. Lakini lile neno la kijivu lilinifuata nyumbani, likakaa nami wiki baada ya wiki: nikipima mtoto uzito, nikisubiri majibu ya maabara, nikipiga hesabu za akiba usiku watoto wakiwa wamelala.

Chuo chenyewe sitakitaja. Kina watu wanaojitahidi, na haya yanaweza kutokea katika chuo chochote kinachobadilisha mtaala huku wanafunzi wakiwa tayari madarasani.

Kilicho hatarini

Mimi ni tabibu. Nilisomea diploma, nikafanya mwaka wa uanagenzi, na tangu hapo nimehudumia wagonjwa katika kituo cha afya pembeni mwa jiji la Kisumu. Udaktari nimeutaka tangu shule ya upili. Alama zilipungua kidogo, karo ikapungua zaidi. Sasa barua ya kujiunga iko kabatini. Ni miaka sita, kisha mwaka mwingine wa uanagenzi, na naanzia mwanzo kabisa, sawa na kijana aliyefanya KCSE juzi.

Kijana huyo akipoteza mwaka ataumia, lakini atakuwa na umri wa kuufidia. Mimi mwaka mmoja ni karo ya watoto wawili, ni mshahara ambao hautakuwapo kwa sababu nitakuwa kwenye likizo bila malipo, ni ahadi niliyompa mume wangu kwamba tutabana matumizi hadi tarehe fulani na si zaidi.

Mama mkwe ameshasema lake. "Nenda, mwanangu. Watoto nitakaa nao." Alikuwa akianika omena na hata kichwa hakuinua, na ninamjua: akisema jambo, amelisema. Nyumbani njia iko wazi.

Anayesita ni mimi.

Mtoto wa selimundu

Niseme mapema kwamba mtaala wenyewe nauamini.

Utaratibu wa zamani tunaujua. Unaanza na anatomia, fiziolojia na biokemia, kila moja na idara yake na mtihani wake. Baadaye patholojia, mikrobiolojia, famakolojia. Ndipo unakabidhiwa wodi. Mgawanyo huo ulitiwa nguvu na ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910 kuhusu vyuo vya udaktari vya Marekani na Kanada, na ukatawala sehemu kubwa ya dunia kwa miaka mingi. Mtaala mpya unapanga masomo kwa mifumo ya mwili. Zamu ya damu ikifika, unasoma umbo, kazi, kemia, magonjwa na dawa za damu kwa pamoja, tena unaanza na kisa cha mgonjwa.

Kituoni kwetu mtoto wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, si mgeni. Anakuja mgongoni mwa mamake ingawa umri wa kubebwa umempita, macho yamekuwa manjano, analia mifupa. La kufanya nalijua: maji, dawa ya maumivu, kipimo cha malaria, kupapasa wengu, kupigia simu gari la rufaa hali ikizidi. Mikono yangu inajua. Chanzo nilikisoma kwa haraka darasani, mistari michache ya kukariri: katika mnyororo wa beta wa himoglobini, nafasi ya sita, valini imekaa pahali pa asidi ya glutamiki.

Hakuna aliyenieleza kwa nini watoto hawa ni wengi hapa na si kwingine. Jibu nililikuta mwenyewe miaka mingi baadaye, na linatoka karibu na kwetu. Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, kule Nakuru, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya mwaka 1949. Aliona kwamba wenye alama ya selimundu ni wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha maelezo yake: anayerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu anapata kinga dhidi ya malaria kali. Pahali mbu anaua, jeni inabaki. Mtoto anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye anayelipa.

Kwa hiyo ndani ya mtoto mmoja mgongoni mwa mamake kuna biokemia, urithi, vimelea, wengu na hili ziwa letu. Katika mtaala wa zamani ningekutana na vipande hivyo kwa miaka tofauti, kwa walimu tofauti, na kazi ya kuviunganisha ningeachiwa mimi. Mtaala mpya unaviweka meza moja, wiki moja.

Nataka sana kufundishwa hivyo.

Walioanza na nyumba tupu

Nilipoanza kuulizia, kila mtu alinitajia Eldoret. Na kweli, kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Moi kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990 kilikuja na njia hii: makundi madogo yanayofumbua kisa cha mgonjwa, na mpango wa kuwapeleka wanafunzi vijijini na kwenye vituo vya afya wakajifunze huko. Wakati wa uanagenzi wangu, upande wa Bungoma, niliwakuta wanafunzi wa namna hiyo. Walikuwa wanauliza maji ya kunywa yanatoka wapi kabla ya kuuliza dawa gani imeandikwa. Niliwaonea wivu mzuri.

Basi kama Eldoret wameweza zaidi ya miaka thelathini, hofu ya nini?

Swali hilo lilinituliza kwa siku kadhaa. Halafu, nikisoma historia ya njia hii, nikagundua jambo ambalo waliokuwa wakinitia moyo hawakulitaja. Njia hii ilianzia Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada, mwaka 1969. McMaster ilikuwa shule mpya ya udaktari. Mwaka 1974 ikafuata Maastricht, Uholanzi. Nayo ilikuwa mpya. Eldoret mwaka 1990, mpya vilevile. Wote walianza na nyumba tupu. Hapakuwa na darasa la zamani mbele yao lililobaki likisoma kwa utaratibu mwingine, wala mhadhiri wa kugawanywa kati ya mitaala miwili siku moja.

Waliobadilisha shule iliyokuwa tayari inafundisha walitembea kwa tahadhari zaidi. New Mexico, kule Marekani, mwaka 1979 walianza na kundi dogo lililosoma kwa njia mpya kando ya wenzao wa njia ya kawaida. Harvard walianza na sehemu tu ya wanafunzi mwaka 1985, na darasa zima likaingia mwaka 1987.

Chuo changu kinabadilisha darasa zima, Septemba moja. Ni kuezua paa na wenyewe wamo ndani, na mvua hizo zinakuja.

Sisemi haiwezekani. Nasema mfano wa Eldoret hautoshi kunituliza, kwa sababu Eldoret hawakufanya jambo hili. Walifanya jambo lingine, gumu kwa namna yake.

Hesabu ya walimu

Hili nitalipitia haraka maana hesabu inajieleza. Mhadhiri mmoja anaweza kusimama mbele ya wanafunzi themanini na kufundisha figo kwa saa mbili. Ukitaka hao themanini wakae wanane wanane, unahitaji wakufunzi kumi kwa saa hizohizo mbili, kila mmoja akiwa ameandaliwa, maana kuongoza kundi bila kulihutubia ni kazi ya kujifunza. Kundi likiongozwa na mtu anayetoa majibu dakika ya kumi, huo ni mhadhara tu wenye viti vichache.

Mwaka 1993 Mark Albanese na Susan Mitchell walichapisha mapitio ya tafiti zilizofanywa kuhusu njia hii. Waliona kwamba wanafunzi wanaifurahia, na kwamba mbele ya mgonjwa wanafanya vizuri sawa na wenzao, wakati mwingine vizuri zaidi. Waliona pia kwamba mara nyingine alama zao za sayansi za msingi zinashuka kidogo. Na walionya kuhusu gharama, hasa darasa likipita wanafunzi mia moja.

Darasa langu litakuwa la wangapi? Niliuliza. Jibu lilikuwa kwamba inategemea watakaolipa.

Chai na mandazi

Nililolikuja kulijua la maana zaidi sikulipata kwenye mapitio yoyote. Nililipata kwenye kibanda cha chai nje ya geti la chuo, nilipokwenda mara nyingine kupeleka vyeti.

Kijana mmoja alikuwa ameketi peke yake na daftari la anatomia. Tukaanza kuzungumza. Alipojua mimi ni tabibu akaanza kuniita Dakta, kwa heshima, akanisogezea sahani ya mandazi. Alikuwa anamaliza mwaka wa kwanza, darasa la mwisho la mtaala wa zamani. Alikuwa na sapu, yaani mtihani wa marudio, ya anatomia.

"Nikipita, sawa," akasema. "Nisipopita, narudia mwaka na nyinyi."

"Karibu, basi."

"Dakta, si hivyo. Nyinyi hamna anatomia."

Ilinichukua muda kumwelewa. Katika mtaala mpya hakuna somo linaloitwa anatomia lenye mtihani wake. Mifupa ya mkono iko kwenye zamu ya misuli na mifupa, moyo uko kwenye zamu ya moyo, ubongo uko mwaka unaofuata kabisa. Fiziolojia na biokemia alizozipita zimekatwakatwa na kutiwa humohumo. Akirudi nyuma hapati pengo la umbo lake. Ama aanze yote upya, pamoja na aliyokwisha kuyapita, ama asome anatomia yake peke yake na mtihani utungwe kwa ajili yake, na idara iliyokuwa ikimfundisha imeshahamia kwenye makundi yetu.

Nilimuuliza chuo kimesema nini.

"Wanasema tusome tupite."

Ni ushauri mzuri. Lakini katika darasa lolote la udaktari kuna watakaoanguka. Wengine hawaanguki kwa uvivu: ni malaria wiki ya mtihani, ni msiba nyumbani, ni mimba, ni karo iliyochelewa hadi jina likaondolewa kwenye orodha. Mtaala wa zamani, pamoja na ubaya wake wote, ulikuwa na kitu kimoja: nyuma yako kila mara palikuwa na darasa linalosoma ulichokosa. Ulirudi, ukakaa na wadogo zako, ukaona haya kidogo, ukaendelea.

Nikarudi Kisumu nikiwa kwenye kiti cha dirishani, na nikaanza kujiuliza kuhusu mimi mwenyewe. Darasa langu ndilo la kwanza. Rasimu itasahihishwa kwa makosa yatakayoonekana kwetu, na ndivyo inavyopaswa. Lakini hiyo maana yake ni kwamba darasa litakalonifuata litasoma toleo lingine. Halafu mwaka 2029 wanatarajiwa kufika vyuo vikuu wanafunzi wa kwanza wa elimu ya umilisi, wale walioingia Gredi ya 10 mwaka huu wa 2026, wakiwa wamepita njia tofauti kabisa na ya KCSE, na vyuo vitalazimika kugusa mitaala tena. Nikijikwaa mwaka wa pili au wa tatu, nitaangukia wapi?

Yule kijana ana mtaala unaozimika nyuma yake. Mimi nitakuwa na mtaala unaosogea nyuma yangu. Tofauti ni ndogo kuliko nilivyodhani.

"Mgonjwa ni yuleyule"

Daktari mmoja ninayemheshimu, aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya rufaa ya Kisumu ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa sababu ya msaada wa Wasovieti walioijenga, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Mitaala inakuja na kuondoka, mama. Mgonjwa ni yuleyule. Wodi ndiyo itakayokufundisha."

Nimelifikiria sana neno hilo kwa sababu limetoka kwa mtu anayejua. Na katika sehemu kubwa ana haki. Malaria haijui mtaala. Ukiwa na mwalimu anayekuja raundi kwa wakati, anayekuuliza swali na kukusubiri ujibu, utakuwa daktari hata kama kijitabu chako kiliandikwa vibaya.

Lakini wodi inamfundisha aliyefika wodini. Swali langu ni la anayekwama kabla. Isitoshe, wodi zenyewe hazitaongezeka. Mtaala mpya unatupeleka kwa wagonjwa mapema, tangu mwaka wa kwanza, wakati madarasa ya zamani yatakuwa yanaingia wodi zilezile kwa ratiba yao. Mgonjwa mmoja mwenye maji mapafuni ataguswa kifua na wanafunzi wangapi asubuhi moja kabla hajachoka? Na ratiba zetu hapa Kenya hazikai zilipowekwa. Mwaka 2024 madaktari waligoma kuanzia Machi hadi Mei, karibu miezi miwili, na suala la kupangiwa wanagenzi kazi na malipo yao lilikuwa kiini cha mgomo huo. Muda wa namna hiyo ukipotea kwenye mtaala mmoja, kalenda inasukumwa mbele. Ukipotea kwenye miwili inayotumia vitanda vilevile, madarasa yatagongana.

Shemeji yangu yeye aliniambia nimezidisha kufikiri. "Shemeji, shule ni shule. Wangapi wanaitafuta hiyo barua?" Ni kweli, ni wengi. Kwa ajili yao pia naandika haya, maana nafasi ikiwa adimu kiasi hicho, mtu hupokea barua kwa mikono miwili na kuogopa kuuliza, asije akaonekana hana shukrani.

Nilichouliza, na nilichojibiwa

Niliandikia ofisi ya mkuu wa kitivo barua pepe fupi yenye maswali matatu. Mtaala umefika wapi katika kuidhinishwa, ndani ya chuo na kwenye Baraza la Madaktari? Wakufunzi wa makundi wameandaliwa? Na mwanafunzi wa mtaala wowote kati ya hii miwili akirudia mwaka, atasoma nini, kwa nani, na atafanya mtihani gani?

Nilijibiwa, na nashukuru kwa hilo. La kwanza: umewasilishwa, wanasubiri. La pili: mafunzo yamepangwa kabla ya muhula kuanza. Majibu hayo nayakubali, hata yakiwa na "tunasubiri" ndani yake, maana ni ya watu wanaojua walipofika.

La tatu lilikuwa na sentensi moja. Kila mwanafunzi atashughulikiwa kulingana na hali yake.

Niliisoma kwa sauti jikoni. Mume wangu akauliza, "Nani atakayeamua hiyo hali?" Na hapo ndipo nilipojua uamuzi wangu. Sentensi hiyo inaweza kuwa huruma kubwa, ikiwa ofisini kuna mtu mwema siku utakayokwenda. Inaweza pia kuwa korido ndefu ya kuzungushwa, na mwanafunzi aliyeanguka ndiye mwenye nguvu ndogo kuliko wote za kuzunguka. Mimi ni mtu mzima, nimezoea kudai majibu ya maabara kwa simu. Yule kijana wa kibandani ana miaka kumi na tisa.

Nimeomba nafasi yangu isogezwe hadi usajili wa mwakani, na chuo kimekubali kwa maandishi. Sijaikataa. Nitaendelea na zamu zangu, akiba itaongezeka kidogo, na anatomia nitaanza kuisoma mwenyewe, kwa mtaala wowote itahitajika. Nimewaandikia tena kuomba kitu kimoja, ukurasa mmoja tu, uliotiwa sahihi: somo hili la zamani linalingana na zamu hizi za mtaala mpya, anayelikosa atafundishwa na idara hii, mitihani ya zamani itaendelea kutungwa hadi mwaka fulani. Kazi hiyo haihitaji jengo wala mfadhili. Inahitaji wahadhiri wachache wakae alasiri kadhaa na mitaala miwili mezani, na waifanye kabla ya matokeo ya sapu kutoka, kwa sababu kuna watu wanaosubiri matokeo hayo sasa hivi.

Ukurasa huo ukiwapo mwakani, nitakwenda, na nitajivunia kuwa katika madarasa ya kwanza ya mtaala huo. Usipokuwapo, nitaomba chuo kingine, hata kikiwa bado na anatomia, fiziolojia na biokemia kila moja chumbani kwake, na selimundu nitaisoma vipande vipande na kuiunganisha mwenyewe.